Sheria Iliyotungwa Mbali: Habari ya Wakulima wa Koka wa Bolivia

Leo tunakwenda Bolivia, Amerika ya Kusini. Sikilizeni mpaka mwisho, maana habari hii ina faida kwetu.

Kule milimani Waquechua na Waaymara wanatafuna majani ya koka tangu zamani sana. Yanapunguza njaa na uchovu, tena yanatumika katika sadaka. Jani hilo likitengenezwa kwa kemikali hutoka kokaini, nayo inaharibu watu. Lakini ndizi si kasiksi, ingawa kasiksi hutoka kwa ndizi.

Mwaka 1961, huko New York, mataifa yalipatana juu ya madawa ya kulevya. Mapatano hayo yaliliweka jani pamoja na kokaini, yakaagiza kutafuna koka kukomeshwe katika miaka 25. Bolivia ilijiunga mwaka 1976. Mwaka 1986 Marekani ikatunga sheria yake: kila mwaka rais wake aseme ni nchi zipi zinasaidia vizuri kupiga vita madawa. Nchi iliyokataliwa iliweza kunyimwa msaada.

Wakati huo huo shida nyingine iliingia. Mwaka 1985 bei ya bati, lile linalotoka katika kasiterite, ilianguka duniani. Anguko hilo liliumiza SOMINKI huku Kivu. Kule Bolivia wachimbaji zaidi ya 20,000 wa serikali walipoteza kazi. Wengi walihamia msitu wa Chapare, wakalima koka, kwa kuwa inavunwa mara kadhaa kwa mwaka na wanunuzi hawakosi.

Mwaka 1988 ikatoka Sheria 1008. Iliruhusu hektari 12,000 katika sehemu za ukulima wa zamani, lakini koka ya Chapare ing'olewe. Mshitakiwa wa madawa alifungwa bila dhamana. Hata hakimu akimwona hana kosa, aliweza kubaki gerezani mpaka mahakama ya juu iangalie kesi. Je, hiyo ni haki? Mwezi wa Juni mwaka huo, wakulima walioandamana waliuawa Villa Tunari. Mwaka 1998 Rais Hugo Banzer alituma jeshi ling'oe koka yote ya Chapare. Barabara zilifungwa, wakulima walikufa, askari nao walikufa.

Ikaja kura ya mwaka 2002. Balozi wa Marekani aliwaonya raia hadharani: wakimchagua Evo Morales, kiongozi wa wakulima wa koka, msaada utakuwa hatarini. Watu walichukizwa kuambiwa hivyo na mgeni. Morales akawa wa pili, nyuma ya mshindi kwa chini ya kura mbili katika kila mia.

Oktoba 2004, Rais Carlos Mesa aliketi na wakulima. Walipatana kila jamaa la Chapare libaki na kipande kimoja cha koka, meta 40 kwa 40. Vyama vya wakulima vyenyewe vikalinda kipimo hicho, na umwagaji wa damu ukapungua sana. Morales alichaguliwa rais mwaka 2005. Bolivia ilijitoa katika mapatano ya 1961, ikarudi mwaka 2013 kwa sharti kwamba watu wake waruhusiwe kutafuna jani. Nchi 15 zilipinga, lakini hazikutosha kuzuia.

Hatusemi yote yalitengenea. Kokaini haikwisha. Morales naye alishitakiwa na wengi kwamba anang'ang'ania kiti, akatoka madarakani mwaka 2019 baada ya kura yenye ubishi. Mkulima akipata utawala, naye ni lazima achungwe na sheria.

Ndugu kiongozi, kupinga uovu ni kazi njema. Lakini mpango ukifika na msaada mkononi, uliza kwanza: mwenye shamba amesikilizwa? Anayeshitakiwa atahukumiwa kwa haki? Na wewe uliyehamishwa, usiseme huna la kusema kwa sababu unakula chakula cha msaada. Chagueni wasemaji wenu, wanaume na wanawake, mwaambie mnayoyajua. Kule Chapare miaka mingi ya bunduki haikuleta kile kilicholetwa na kikao kimoja cha kweli.