Kofia ya Mgonjwa: Ufumaji na Stara ya Kichwa Dar es Salaam

Historia ya kofia zinazofumwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani haieleweki vyema jijini Dar es Salaam bila kutazama kwanza namna watu wa pwani walivyokithamini kichwa, kwa kuwa kukifunika kwa heshima na kwa urembo ni desturi iliyozitangulia hospitali za kisasa. Desturi hiyo imebebwa na kazi za mikono ambazo kwa sehemu kubwa zilifanywa na wanawake majumbani, na ndiyo maana kumbukumbu zake katika maandishi ni chache kuliko thamani yake.

Kazi ya kwanza ni ushonaji wa kofia za mkono, ambazo huundwa kwa vipande viwili vya kitambaa, kimoja cha duara kinachokaa utosini na kingine kirefu kinachozunguka kichwa, kisha hutobolewa vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja hadi ua lililochorwa litokeze. Vitundu hivyo hupamba na papo hapo hupitisha hewa katika joto la pwani. Kwa upande wa wanawake, tangu kanga ilipoenea Zanzibar na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, kipande kimoja cha doti kiliweza kuwa ushungi msibani, kilemba harusini na stara ya mgonjwa kitandani. Na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, nguo hiyo ikawa pia zao la jiji lenyewe.

Kazi ya pili ni ufumaji, yaani kuunda kitambaa kwa kupitisha uzi mmoja ndani ya vitanzi vyake wenyewe, ama kwa sindano mbili ndefu, ama kwa kulabu, ambayo ni sindano moja yenye ncha iliyopinda. Ujuzi huu ulienezwa na shule za misheni, na baadaye na vilabu vya wanawake vya enzi ya ukoloni, ambavyo vilifundisha mapishi, ushonaji na ufumaji. Baada ya Uhuru, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioanzishwa mwaka 1962, uliendeleza vikundi vya kazi za mikono, na katika nyumba za Magomeni, Kinondoni na Temeke matunda ya mafunzo hayo yalionekana waziwazi: vitambaa vya makochi, vya meza na vya redio, sweta na soksi za watoto wachanga, pamoja na mizula, yaani kofia za nyuzi zinazobana kichwa.

Mwaka 1968 kichwa cha mwanamke kilikuwa suala la siasa, pale Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulipotangaza Operesheni Vijana, kampeni iliyolenga kupiga marufuku jijini, kuanzia Januari 1969, sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na mawigi. Wigi lilihesabiwa kuwa pambo la kigeni, ilhali kilemba hakikuguswa.

Haja ya stara ya kichwa huonekana pia hospitalini. Hospitali ya Ocean Road jijini humo, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, iligeuzwa mwaka 1996 kuwa taasisi ya saratani inayojitegemea, na kwa miaka mingi ilikuwa kituo pekee nchini chenye tiba ya mionzi. Wagonjwa wengi hupewa pia tibakemikali, yaani dawa zinazoshambulia seli zinazogawanyika haraka, na kwa kuwa seli za mizizi ya nywele nazo hugawanyika haraka, baadhi ya dawa hizo huzing'oa nywele wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza. Katika jamii nyingi za Tanzania kunyoa kichwa ni alama ya msiba, hivyo mwanamke aliyepoteza nywele hubeba, juu ya maradhi, maswali ya watu wanaodhani amefiwa.

Hapo ndipo kazi hizo za mikono zinapokutana. Mfumaji huanza na kitanzi kidogo cha utosini, huongeza vitanzi kila mzunguko hadi duara litoshe juu ya kichwa, kisha huacha kuongeza ili kuta zishuke hadi masikioni. Umbo linalopatikana ni lilelile la kofia ya mkono, na matundu ya mfumo hupitisha hewa vilevile. Uzi laini wa pamba hufaa kuliko sufu, kwa kuwa ngozi isiyo na nywele huwashwa upesi, na kipimo hupunguzwa kidogo kwa sababu nywele hazipo tena kuijaza kofia. Rangi na ua havipaswi kudharauliwa, kwani mgonjwa anayependeza hutambuliwa kwanza kama mtu na si kama maradhi.

Uingereza na Marekani watu wa kujitolea huwafumia wagonjwa kofia za namna hii, lakini Temeke na Kinondoni hazihitaji kuazima wazo hilo, kwa kuwa ujuzi, umbo na maadili ya stara vimekuwapo kwa vizazi. Mikono iliyovika makochi na watoto wachanga inastahili kuhesabiwa miongoni mwa mikono inayouguza, na historia ya tiba ya saratani nchini haitakamilika mpaka iwataje wafumaji pamoja na waganga.