Nachingwea na Ruangwa katika Ramani za Kale

Mjini Nachingwea iko kata iitwayo Stesheni. Kijana anayezaliwa humo hukua akilitaja jina hilo bila kuiona gari-moshi, kwa kuwa reli iliyolileta jina ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Ramani za miaka ya 1950 zinaionyesha wazi, mstari mweusi kutoka Mtwara hadi Nachingwea, zaidi ya kilomita 200. Kilichoondoka juu ya ardhi kimebaki juu ya karatasi.

Historia ya nchi ya Wamwera na jirani zao hutafutwa kwa kawaida katika masimulizi ya wazee na katika majalada ya boma. Ramani ni shahidi wa tatu, ambaye huulizwa kwa nadra. Tangu Yoshua alipowatuma watu kuizunguka nchi na kuiandika, kazi ya kuchora nchi imekuwa na shabaha, na msomaji sharti aulize kwanza: nani aliagiza ramani hii, naye alitaka nini?

Wajerumani walitaka kutawala na kukusanya kodi. Ramani yao kubwa ya kipimo cha 1:300,000, ambamo sentimita moja ni kilomita tatu, ilianza kutolewa Berlin mwaka 1895 chini ya Richard Kiepert, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Wachoraji walikaa Berlin. Waliotembea ni maofisa, wamisionari na wasafiri, wakishika dira na saa, wakihesabu mwendo na kuandika majina waliyotajiwa na wapagazi na wenyeji. Ndiyo maana majina yamesongamana kandokando ya njia, na kati ya njia na njia karatasi ni nyeupe. Weupe huo haushuhudii kwamba hapakuwa na watu. Unashuhudia tu kwamba mpimaji hakupita hapo.

Lipo jambo jingine la kuangaliwa. Majina mengi ya vijiji katika ramani hizo ni majina ya watu, yaani ya majumbe waliokutwa. Jumbe alipohama, kijiji kilihama naye pamoja na jina lake. Alipokufa, pengine jina likabadilika. Kisha ikaja Vita ya Maji Maji mwaka 1905. Misheni ya Nyangao iliteketezwa, vijiji vikachomwa, na njaa iliyofuata ikawatawanya waliosalia. Kwa hiyo mtu anayelikuta jina la ukoo wake kwenye ramani ya Kijerumani asikimbilie kudai kwamba kijiji cha leo chenye jina hilo ndicho kile kile. Huenda kimesogea mwendo wa siku nzima. Mito na vilima havikusogea. Mbwemkuru uko pale pale, na ni kwa mito ndipo uchunguzi unapopaswa kuanza.

Waingereza walikuja na ndege. Idara yao ya upimaji wa makoloni iliundwa mwaka 1946, nayo ikachora ramani za kipimo cha 1:50,000 kwa kutumia picha za anga. Hapa sentimita mbili ni kilomita moja. Vijito vidogo huonekana, na mistari ya kontua huonyesha kila mwinuko. Wakati huohuo ulianzishwa Mpango wa Karanga. Ulianzia Kongwa mwaka 1947, ukafika Urambo na Nachingwea, ukikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilikiri kushindwa, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Pori lilisafishwa kwa matrekta na mashamba yakapewa namba badala ya majina, jambo ambalo mwenyeji asingelifanya kamwe. Namba moja ilipata heshima ambayo waliotoa namba hawakuitazamia: Farm 17, ambako wapigania uhuru wa FRELIMO walifanya mafunzo yao hadi Msumbiji ilipokuwa huru mwaka 1975.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni ya miaka ya Operesheni Vijiji. Mwezi Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi hiyo ikamilike ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Karatasi zilizochorwa kabla ya hapo zinaonyesha nukta za nyumba zilizotawanyika kando ya vijito na migongo ya vilima. Ramani za baadaye zinaonyesha nyumba zilizopangwa kando ya barabara. Nukta zile ndizo mahame ya leo. Kwenye ardhi zinatambulikana kwa miembe mikubwa porini, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia, na makaburi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa tangu tarehe 1 Januari 1970 hadi mwishoni mwa mwaka 1977, hivyo ramani ya kale haimrudishii mtu shamba la babu yake. Makaburi ni jambo jingine. Wilayani Ruangwa kinywe kimeanza kutafutwa na kuchimbwa, na ardhi inapotwaliwa, makaburi huhamishwa kwa Sheria ya mwaka 1969. Ukoo usioweza kuonyesha mahali walipolala wazee wake utadai nini?

Atakayefanya kazi hii kwa simu yenye kuonyesha majira ya mahali akumbuke kwamba ramani za zamani zilipimwa kwa msingi tofauti. Asiporekebisha, ataukosa mwembe kwa karibu mita 300. Msaada ulio bora zaidi hauna betri. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 amekwisha kupita 70 sasa. Mzee wa namna hiyo hahitaji kuisoma karatasi. Asomewe majina ya vijito kwa mfuatano, kutoka chemchemi hadi mtoni, naye atasahihisha matamshi ya mchoraji, kisha ataongeza yale ambayo mchoraji hakuyaandika.