Stashahada ya mazingira: Same na Milima ya Upare

Stashahada ya mazingira ni masomo ya ngazi ya kati yanayomwandaa mwanafunzi kufanya kazi za ardhi, maji, misitu na wanyamapori, ama aendelee na digrii baadaye, ama aishie hapo na kuingia kazini. Kwa Tanzania ndiyo iliyo karibu zaidi na ile shahada ya miaka miwili ya vyuo vya kijamii vya Marekani. Msimamizi wake ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), ambalo zamani liliitwa NACTE. Mhitimu wa kidato cha nne aliyefaulu masomo manne yasiyo ya dini huanza ngazi ya 4, yaani astashahada ya awali, hupanda ya 5 na kumalizia ya 6, ambayo ndiyo stashahada yenyewe. Kila ngazi ni mwaka mmoja. Wa kidato cha sita mwenye ufaulu unaokubalika huanzia ngazi ya 5.

Kwa kijana wa Same, wilaya ya Milima ya Upare, vyuo vinavyofahamika zaidi viko nje ya wilaya yake. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, kilianzishwa mwaka 1963. Chuo cha Misitu Olmotonyi, nje kidogo ya Arusha, kilianza mwaka 1937. Moshi mjini kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu. Anayetaka kusoma bila kuacha shamba au ajira hugeukia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo Kilimanjaro. Kama majina yanavyoonyesha, elimu hii imegawanywa: misitu huku, wanyamapori kule, maji kwingine. Mgawanyo huo unafaa ofisini. Upare haukubali kugawanywa hivyo, na hiyo ndiyo sababu ya kutaka wanafunzi wengi zaidi waletwe Same kwa mafunzo yao ya vitendo.

Mji wa Same uko upande mkavu wa milima. Upepo wa Bahari ya Hindi humwaga mvua yake kwenye miteremko ya mashariki na vileleni, na tambarare ya Same na Makanya hubakiwa na milimita kama 500 hadi 600 kwa mwaka, zikigawanywa kati ya vuli na masika. Juu, Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia wa Chome unazunguka kilele cha Shengena, chenye mita zaidi ya 2,460, na ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Humo anaishi ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni, Zosterops winifredae, ambaye makazi yake ni Upare Kusini tu. Kwa miaka mingi miti ya mkulo (Ocotea usambarensis) ilikatwa humo na kupasuliwa mbao mashimoni kwa msumeno wa mkono. Msitu huohuo ndio unaolisha vijito vinavyoshuka Vudee, Bangalala na hatimaye Makanya, kwa hiyo mti ukiangushwa Chome, habari yake itafika kwa mkulima wa mahindi aliye bondeni.

Katikati ya safari hiyo ya maji kuna ndiva. Hili ni bwawa dogo la jadi la Wapare, linalochimbwa kwenye mteremko na kuzungushiwa ukuta wa udongo na mawe. Maji ya mfereji huingia usiku, wakati hakuna anayemwagilia. Asubuhi tundu la chini huzibuliwa, maji yakatoka kwa nguvu ya kutosha kufika mashamba ya mbali, ambayo mfereji peke yake usingeweza kuyafikia. Zamu hupangwa na viongozi wa ndiva. Tope likijaa, watumiaji huitwa kulizoa, na asiyefika hutozwa faini. Kati ya walio juu na walio chini yapo makubaliano ya kugawana kijito, na mara nyingi yanashikiliwa na undugu kuliko karatasi. Miaka ya 2000 bonde la Makanya lilivuta watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao kutoka Uholanzi, Sweden na Afrika Kusini, na ndiva Manoo ya Bangalala imeandikwa katika tafiti zao.

Mwanafunzi wa stashahada hahitaji maabara kubwa ili aanze hapa. Achague kipande cha mfereji kilichonyooka, apime mita 10 kwa kamba, aachie kijiti juu ya maji na kuangalia saa. Kijiti kikichukua sekunde 25, kasi ni mita 0.4 kwa sekunde. Mfereji ukiwa na upana wa mita 0.5 na kina cha mita 0.2, azidishe vyote, kisha achukue asilimia 80 ya jibu, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yanayosuguana na udongo. Atapata lita 32 kwa sekunde. Kwa saa 10 za usiku hizo ni mita za ujazo 1,152. Akilinganisha na kiasi kinachotoka asubuhi atajua ndiva inavujisha kiasi gani, na akirudia baada ya mvua kupima maji yanayotoka ndiva ikiwa imejaa, atajua tope la mashamba ya juu limekula nafasi kiasi gani. Hesabu hiyo mwenyekiti wa ndiva anaihitaji kuliko chuo kinavyoihitaji.

Upande wa kaskazini-mashariki wa Same kuna Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye kilomita za mraba 3,245, inayopakana na Tsavo ya Kenya. Lilikuwa pori la akiba tangu 1951. Wafugaji waliondolewa mwaka 1988, na kesi yao ikafika Mahakama ya Rufani, iliyotoa hukumu mwaka 1999. Faru weusi walirudishwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997. Anayesoma uhifadhi akimaliza Mkomazi kwa kuhesabu faru bila kuuliza wafugaji walikwenda wapi, amesoma nusu. Tembo nao hutoka hifadhini na kuingia mashambani, na malalamiko ya wakulima hufika mezani kwa ofisa wa wilaya.

Ajira inatokana zaidi na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, inayotaka kila halmashauri iwe na ofisa mazingira na vijiji viwe na kamati za mazingira, na miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Machimbo ya jasi ya Makanya na kilimo cha tangawizi kwenye miteremko mikali ya Mamba Miamba ni kazi ya kutosha kwa wahitimu kadhaa. Novemba 2009 mvua kubwa iliangusha mlima juu ya kijiji cha Goha, tarafa ya Mamba-Vunta, na watu wasiopungua 20 wakafa. Kupima mteremko, kuchora ramani ya nyumba zilizo hatarini na kukaa na kamati ya kijiji mpaka ielewe, ni kazi inayoweza kufanywa vizuri na mtu wa ngazi ya 6, hasa akijua Kipare, kwa kuwa chuoni atakuwa amefundishwa kwa Kiingereza na wazee wa Goha hawatamsubiri atafsiri.