Safura kwa watoto wa shule
Safura ni ugonjwa wa upungufu wa damu unaosababishwa na minyoo wanaoishi katika utumbo mwembamba wa binadamu, hasa spishi za Necator americanus na Ancylostoma duodenale. Hupatikana zaidi vijijini katika nchi za joto. Kwa watoto wa shule madhara yake hutegemea wingi wa minyoo pamoja na akiba ya madini ya chuma mwilini.

Maambukizi
Mayai ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi. Katika udongo wenye joto, unyevu na kivuli huanguliwa kuwa lava, ambao hupenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku. Lava husafiri katika damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa na kufika utumboni. Hapo hukua kufikia takriban sentimita 1, hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya damu.

Lishe na kinga ya mwili
Mlo wa muhogo au wali pasipo kitoweo cha kutosha una madini ya chuma kidogo, hivyo damu inayopotea hairudishwi. Mtoto huwa na viganja vyeupe, huchoka na kuhema upesi. Darasani hushindwa kusikiliza, na pengine huhesabiwa kuwa mvivu kumbe ni mgonjwa.

Mwili hupambana na minyoo kwa kuongeza chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili na kingamwili za aina ya IgE. Lakini minyoo hutoa kemikali zinazotuliza mfumo wa kinga, hivyo huweza kuishi utumboni kwa miaka kadhaa. Aliyetibiwa hapati kinga ya kudumu. Upungufu wa protini, vitamini A na zinki huzidi kuudhoofisha mfumo huo.

Mfano wa Pemba
Katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto wa shule wenye minyoo mingi zaidi ndio waliopungukiwa zaidi na damu. Dawa ya mebendazoli ilitolewa shuleni mara kwa mara, ikapunguza madhara. Hata hivyo watoto wengi waliambukizwa tena, na baada ya miaka kadhaa nguvu ya dawa hiyo dhidi ya safura ilionekana kupungua.

Tiba na kuzuia
Shirika la Afya Duniani hushauri dozi moja ya albendazoli (miligramu 400) au mebendazoli (miligramu 500), mara moja kwa mwaka pale ambapo angalau asilimia 20 ya watoto wana minyoo ya tumbo, na mara mbili ikiwa wanazidi asilimia 50.

Dawa huua minyoo iliyomo tumboni, lakini haisafishi udongo wala hairudishi damu iliyopotea. Kwa hiyo huhitajika pia:
- vyoo vinavyotumiwa na wote, nyumbani na shuleni;
- viatu;
- vyakula vyenye madini ya chuma, kama vile dagaa, maini, nyama na maharage, pamoja na matunda kama machungwa na mapera, ambayo husaidia mwili kufyonza madini hayo.