Kafuro, mji uliohamwa na njia

Anayetoka Bukoba kwa gari kwenda kusini hupita Muhutwe, akafika Kagoma wilayani Muleba, kisha akaendelea hadi Lusahunga. Miaka 160 iliyopita bidhaa za mbali hazikupita huku. Zilipanda kwa miguu kutoka Kazeh, yaani Tabora, zikaingia Karagwe na kutua Kafuro.

Jangwani, mji wa biashara huota penye maji. Ndivyo Tadmur ya Siria ilivyotajirika. Karagwe si jangwa, lakini mpagazi aliyebeba mzigo wiki nyingi alihitaji yaleyale: maji, chakula na mwenyeji wa kumlinda. Kafuro ilikuwa bondeni, milima imeizunguka, kwenye chemchemi inayozaa kijito. Mwenyeji alikuwa Rumanyika, Omukama, yaani mfalme, wa Karagwe, mwenye ikulu yake Bweranyange.

Katika wafanyabiashara wa mwanzo kufika huko alikuwamo Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa na makazi Kazeh. Msafiri Speke, aliyepokewa na Rumanyika Novemba 1861, anaeleza kwamba bunduki za Musa ndizo zilizomsaidia Omukama kumshinda nduguye Rogero katika ugomvi wa kiti, na kwamba Musa alilipwa kwa pembe za ndovu. Hapo ndipo siri ya Kafuro ilipo: mfalme alihitaji bunduki, mgeni alihitaji pembe. Nguo, shanga na waya wa shaba viliingia. Pembe zilitoka, na watu pia. Msafiri mwingine, Stanley, alipofika mwaka 1876 alimkuta Hamed bin Ibrahim akiishi kitajiri, ana ng'ombe, mamia ya pembe na watumwa. Utajiri ule ulisimama juu ya migongo ya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Upande wa Ziwa Viktoria kulikuwa na bidhaa nyingine, ya kale zaidi: buni. Wahaya, wenyeji wa huko, waliichuma ikiwa mbichi, wakaichemsha na majani yenye harufu, wakaianika mpaka ganda likawa gumu na jeusi. Haikunywewa, ilitafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa buni ndani ya kikapu kidogo. Wawili waliotaka kuwa ndugu walipasua tunda moja, kila mmoja akapaka nusu yake damu, wakabadilishana na kumeza. Kupanda mibuni hakukuwa ruhusa ya kila mtu. Wafalme waliushika mti huo mkononi.

Kisha njia ikahama. Novemba 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, ufukweni. Mwaka 1901 reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli zikaanza kufanya kazi ya wapagazi. Gunia la kahawa liliweza kufika bandari ya bahari bila kukanyaga Tabora. Utawala wa Kijerumani ukahimiza upandaji, mti wa wafalme ukaenea kwenye vibanja vya watu wa kawaida, na Wahindi wakafungua maduka mjini.  Kafuro ikakosa wapitaji.

Mwaka 1950 wakulima wakaunda chama chao kikuu cha ushirika ili wauze kahawa wenyewe. Buni za kutafuna, zimefungwa kwenye vifurushi vidogo vya majani makavu ya mgomba, bado zinauzwa kwa wasafiri mjini Bukoba.