"Muda wa Kati" ni Lini Hasa?

Wasee, kuna maneno matatu kwa karatasi za serikali ambayo wengi wetu huyaruka: "muda wa kati". Leo tusiyaruke.

Muda mfupi tunaujua: ni kesho, ni kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Muda mrefu pia tunaujua: ni ile "siku moja" ya wanasiasa. Lakini "wa kati" ni lini? Mtaani inategemea nani anaongea. Kwa serikali, iko na namba.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1964, uhuru ukiwa bado mbichi, Kenya ilitoa mpango wake wa kwanza wa maendeleo, wa kufika 1970. Ikafuata mingine. Halafu 2008 Rais Kibaki akazindua Ruwaza ya 2030. Sasa, miaka 22 ni mingi. Hakuna rais mmoja unaweza kumuuliza juu ya yote. Kwa hivyo ikakatwa vipande, Mipango ya Muda wa Kati: 2008 hadi 2012, 2013 hadi 2017, 2018 hadi 2022, na 2023 hadi 2027.

Cheki hizo tarehe vizuri. Zinatembea na uchaguzi. Hapo ndipo maana ya "wa kati" iko: mrefu wa kutosha kujenga kitu, mfupi wa kutosha kumshika aliyeahidi kabla hajaenda.

Bajeti nayo iko na muda wake wa kati, miaka mitatu mbele. Sheria ya 2012 inasema Hazina ya Kitaifa ipeleke Bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti kufikia Februari 15, na izingatie maoni ya wananchi. Bunge linapewa siku 14 pekee kuijadili.

Juni 2024 tulijaa barabarani juu ya Mswada wa Fedha. Wenzetu walikufa. Rais akakataa kuutia sahihi. Hiyo haitasahaulika. Lakini Juni ni mwisho wa safari. Hesabu zenyewe hupangwa mapema, na Februari sisi tuko bize na Valentine.

Mimi hata chuo sikumaliza, lakini kusoma tarehe naweza, na wewe pia. Siku mheshimiwa akikuambia kazi zitakuja "kwa muda wa kati", usipige makofi kwanza. Muulize: mwaka gani, na iko kwa ukurasa gani?