Krismasi Iliyoletwa na Waliokuwa Watumwa

Mlango wa Mto Ruvuma haukuwapokea vizuri wamisionari. Machi 1861 Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza, aliingia mtoni humo na David Livingstone kwa meli ya Pioneer. Maji yakazidi kupungua, meli ikawa inakwama mchangani, wakageuza wakarudi baharini. Januari 1862 Mackenzie alifariki kwa homa katika bonde la Mto Shire. Livingstone alirudi Ruvuma Machi 1866, akakuta mikoko na matope yaleyale, akaamua kushukia Mikindani na kuanzia hapo safari ambayo hakurudi kutoka humo akiwa hai. Leo Mikindani kuna kibao cha kumkumbuka, na watalii hupigia picha hapo.

Kila Desemba nasikia watu wakisema Ukristo wa Kusini uliletwa na Livingstone. Livingstone alipita tu. Mtu anayetaka kujua Krismasi ilivyofika huku aache kibao cha Mikindani kwa muda, avuke kwenda Unguja, Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa hapo jiwe la msingi la kanisa ambalo hadi leo linasimama Mji Mkongwe.

Msimamizi wa ujenzi huo alikuwa Edward Steere wa UMCA, ambaye baadaye akawa askofu. Misheni yake ilikuwa na mamia ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wayao, Wamakua na Wanyasa, na swali lilikuwa waishi wapi. Mji wa Unguja haukuwa kwao. Oktoba 1876 Steere akaondoka na zaidi ya 50 kati yao, wanaume kwa wanawake, wakashuka Lindi, wakaanza kutembea kuelekea bara. Shabaha ilikuwa Mwembe, kwa chifu Mataka wa Wayao, ng'ambo ya Ruvuma. Hawakufika. Walipoyakaribia majabali ya Masasi wale watu walisema kwao ni karibu na hapo, ardhi ni nzuri, hawaoni sababu ya kuendelea. Askofu akakubali, akamwacha William Percival Johnson pamoja nao, yeye akarudi Unguja.

Hiyo ilikuwa Novemba. Krismasi ikawakuta wiki chache baadaye wakiwa bado wageni wa ardhi hiyo, mvua za Kusini zinaanza, mbegu zinatakiwa kwenda shambani. Hebu fikiria waliisikiaje habari ya siku hiyo. Mtawala mmoja wa mbali anatoa amri, na watu wadogo wanalazimika kufunga safari. Mjamzito anakosa mahali pa kulala. Mtoto anazaliwa, na haupiti muda mrefu familia inakimbilia nchi ya watu. Msikilizaji wa London alihitaji mhubiri wa kumfafanulia mambo hayo. Waliokuwa pale Masasi walikuwa wameswagwa hadi pwani na kuuzwa, wakapoteza mama, ndugu na hata majina yao, kisha wakarudi kwa miguu yao wenyewe. Kwa maoni yangu, hao ndio waliopanda Noeli katika udongo wa Kusini. Majina ya wengi wao hayamo katika kibao chochote.

Kijiji chao hakikudumu kwa amani. Septemba 1882 Wangoni, ambao Masasi waliitwa Magwangwara, walikivamia, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Mtu aliyewahi kuuzwa akachukuliwa tena! Padri Chauncy Maples, aliyekuwa mkuu wa kituo, alihangaika kuwakomboa, na sehemu ya jumuiya ikahamia Newala kwa chifu Matola. Miaka michache baadaye, Chitangali, akaja mtu ambaye historia yetu imemnyima haki yake: Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyeuzwa utotoni, akakombolewa, akasomea Kiungani huko Unguja na baadaye Canterbury, Uingereza. Mwaka 1890 alipewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile yote. Kwa hiyo kabla karne haijaisha, watu wa Chitangali walikuwa wakiongozwa ibada za sikukuu na mtu wa kabila lao ambaye mwenyewe aliwahi kuuzwa.

Wakatoliki walikuja kwa njia nyingine. Wabenediktini wa Ujerumani walifungua Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Halafu ikaja 1905. Agosti mwaka huo, vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani ilipofika Kusini, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani kuelekea Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Nyangao ikachomwa, Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha, Lukuledi ikateketea, Masasi ya Waanglikana nayo ikaharibiwa. Hasira ile tuielewe: watu walichoshwa na kodi, viboko na kazi za lazima za serikali ya Kijerumani, na misheni ilionekana kuwa ndugu yake. Adhabu ya Wajerumani ilikuwa mbaya kuliko vita yenyewe. Walichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi mno kuliko risasi. Krismasi za 1905 na 1906 ziliwakuta waumini hawana kanisa wala chakula, wakichimba mizizi porini. Ming'oko, ambayo leo inauzwa barabarani Mtwara na pilipili kama kitafunwa cha jioni, ni ya ukoo wa vyakula vilivyowavusha watu katika miaka ya namna hiyo.

Kituo kipya cha Wabenediktini kilijengwa Ndanda kuanzia 1906, nacho kikaja kuwa abasia, hospitali, shule na kiwanda cha uchapaji. Lakini ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Novemba 1917 Jenerali Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alivuka Ruvuma pale Negomano akikimbizwa na Waingereza, akiacha nyuma nchi iliyokombwa chakula na wapagazi. Mapadre Wajerumani walikamatwa, kisha wakaondolewa nchini. Nani basi aliongoza sala? Walimu. Katekista wa kigango, mwenye katekisimu iliyochakaa na wanafunzi wanaokuja na kutoweka, ndiye aliyewakusanya watu na kuwasomea Injili ya Luka.

Na si jambo la zamani tu. Nenda leo kwenye kigango chochote mbali na lami, Nanyumbu au Newala. Padre ni mmoja, vigango ni vingi, na usiku wa Noeli hawezi kugawanyika. Wanaobaki wanaongozwa ibada na katekista, na misa yao inafika siku mbili tatu baadaye, pikipiki ya padre inapofika imejaa tope hadi mpini. Hapo ndipo ubani unafukizwa, watoto wanabatizwa kwa mkupuo, na wali uliohifadhiwa unaingia jikoni. Hakuna anayelalamika kwamba tarehe imepita.

Mji wa Mtwara wenyewe ni mtoto wa mradi ulioshindwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliamua kulima karanga kwa maelfu ya ekari Nachingwea, wakajenga reli na bandari ya kina kirefu Mtwara kwa ajili ya kuzisafirisha. Mradi ulivunjwa 1951, reli ikafungwa 1962, bandari ikabaki, na watu waliokuja kufanya kazi wakabaki pia. Katika mtaa wa Majengo, kati ya kelele za maduka na bajaji, kuna Kanisa la Mtakatifu Paulo. Ukiingia, macho yanakosa pa kutua. Ukuta wa mbele na wa pembeni umejaa picha za Biblia za rangi nzito, watu wenye macho makubwa na mikono mirefu, kazi ya Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini Mjerumani. Alikusudia picha zifundishe, na zinafundisha hasa. Wakati wa misa ya mkesha, mahubiri yakirefuka, watoto wanashika ukuta, wanasoma kwa kidole.

Sanaa nyingine ya Noeli ilivuka mto. Upande wa Tanzania Wamakonde wengi ni Waislamu, lakini ng'ambo, Msumbiji, katika uwanda wa Mueda, wamisionari wa Montfort kutoka Uholanzi walifungua Nangololo mwaka 1924, na Wamakonde wengi wa huko wakawa Wakatoliki. Wachongaji wao waliwachongea mapadre misalaba na sanamu za watakatifu. Baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 1960, na zaidi baada ya FRELIMO kuanza vita ya uhuru Septemba 1964, maelfu walivuka Ruvuma, wengine wakapelekwa makambini kama Rutamba huko Lindi. Walikuja na tezo zao. Pango la Noeli la mpingo unaloliona leo Mwenge, Dar es Salaam, lina mizizi katika uhamiaji huo. Litazame kwa karibu: mchongaji mzuri haondoi weupe wote wa gogo. Anauacha ukanda mwembamba wa ganda jeupe pembeni, kisha kiini cheusi kinakuwa uso wa Mariamu na ule weupe unakuwa ukingo wa nguo yake. Kazi hiyo ilifanywa na watu ambao wenyewe walikuwa wamekimbia usiku na watoto migongoni. Watalii wanainunua kama pambo.

Sikukuu ina upande wa mfuko pia, na Kusini mfuko ni korosho. Mavuno yanaanza Septemba, minada inafika kileleni Novemba, na Desemba ndiyo nguo za watoto, ada na bati la nyumba. Mabibo yanageuka uraka, na uraka unawafikisha wengine kwenye mkesha wakiwa wameshachangamka kupita kiasi, jambo ambalo mapadre wamelikemea miaka nenda rudi bila mafanikio makubwa. Mwaka 2018 mambo yalikwenda mrama. Wanunuzi walitoa bei wakulima wakaikataa, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo, wanajeshi wakazisomba. Bei ilishangiliwa, lakini malipo ya wengi yalichelewa hadi 2019. Krismasi ile ilikuwa ya kukopeshana. Miaka sita kabla yake, Desemba 27, 2012, siku mbili tu baada ya Krismasi, maelfu waliandamana mjini Mtwara kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Sikukuu na manung'uniko vilikaa meza moja.

Kinachowashangaza wageni ni majirani. Pwani hii ni ya Waislamu kwa wingi, kuanzia Mikindani hadi Msimbati. Krismasi sahani za pilau zinatoka nyumba ya Mkristo zinakwenda kwa jirani Mwislamu, na Idi zinarudi. Katika ukoo mmoja utakuta Fatuma, Bernadeta na Hamisi wakimwita mtu mmoja bibi, na utani wa makabila hauulizi mtu anasali wapi. Wanaotaka kuitangazia nchi hii vita ya dini wangekula kwanza sikukuu moja Chikongola, Mtwara mjini.

Kurudi nyumbani kwa sikukuu kutoka Dar es Salaam kulikuwa taabu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, mvua za Desemba zilimaanisha kusubiri kivuko, kisha kusukuma basi. Hata baada ya daraja, kile kipande cha kilomita 60 cha Ndundu–Somanga kiliendelea kwa miaka kadhaa kuwalaza abiria porini. Machinga wa Kariakoo aliyetoka Tandahimba alipiga hesabu akaamua kutuma fedha tu. Lami ilipokamilika, Desemba ya Mtwara ilibadilika, stendi ikajaa.

Ruvuma nayo haijatulia. Uasi ulioanza Mocímboa da Praia, Msumbiji, Oktoba 2017 ulivuka mto Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya kikavamiwa, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo misheni ya Nangololo iliharibiwa. Baada ya shambulio la Palma Machi 2021 watu walikimbilia upande wetu, na shirika la UNHCR likalalamika kwamba maelfu walirudishwa kupitia Negomano. Sababu za usalama zilikuwepo, sizidharau. Lakini nchi iliyowapokea baba zao miaka ya 1960 na kuwapa mashamba Rutamba ilijua namna nyingine ya kufanya.

Waliokuwa watoto katika makambi yale sasa wanakaribia miaka 60 au wameivuka. Rejista za ubatizo za parokia za zamani zinaliwa na mchwa, na walimu wa vigango walioongoza sala bila padre wanazikwa bila kuhojiwa. Mwaka huu, ukienda kula Krismasi Kusini, kaa na bibi au babu yako mchana wa siku ile, muulize alikula wapi Noeli yake ya kwanza na nani aliwapokea. Washa simu umrekodi, kisha peleka nakala parokiani.